Joto Chini ya Bati

Msikilizaji, mtoto aliyekaa chini ya bati tupu saa saba mchana anamsikia mwalimu, lakini hashiki kitu. Jasho linamtiririka, macho mazito. Tusikimbilie kumwita mvivu. Tutazame kwanza paa.

Msanifu majengo Diébédo Francis Kéré alisoma katika darasa la namna hiyo nchini Burkina Faso. Akiwa bado mwanafunzi wa usanifu majengo Ujerumani, alichangisha fedha za kujenga shule ya msingi kijijini kwao, Gando. Ilikamilika mwaka 2001, na wanakijiji wenyewe ndio waliojenga. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Dari nayo ni ya udongo, yenye matundu, na bati halikulazwa juu yake: limeinuliwa kwa fremu ya nondo, katikati pakaachwa uwazi mkubwa. Hewa ya moto inapanda na kutoka, upepo unapita, darasa linapoa bila feni wala umeme. Paa limetokeza nje sana, likazikinga kuta na mvua na jua. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Wajumbe wa kamati za shule, nawasihi: mnapokarabati, msianze na rangi ya nje. Wekeni dari, na juu yake acheni matundu ya kutolea hewa. Toboeni madirisha kuta zote mbili, upepo uingie huku utokee kule. Bati jipya lisilo na dari litawachoma watoto vilevile.