Fomu ya Skrini, Ripoti ya Karatasi: Mada kwa Watunza Kumbukumbu Wanaotumia Microsoft Access

Katika kituo kimoja cha afya niliwahi kuonyeshwa rundo la karatasi zilizoharibika. Taarifa za kila mgonjwa zilitoka kwenye karatasi mbili, ya pili ikiwa tupu au ina kipande cha mstari tu pembeni. Fundi aliitwa mara mbili kutengeneza printa, na printa ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye upana wa fomu.

Tupige hesabu. Karatasi ya A4 ina upana wa sm 21. Ukiacha pambizo za sm 2 kila upande, unabaki na sm 17. Fomu ikiwa na sm 17.3, Access haiipunguzi ili itoshe. Kinachozidi hupelekwa karatasi nyingine, hata kama eneo hilo halina kitu. Na wakati wa kusanifu hutazuiwa, maana programu inaruhusu upana wa inchi 22 hivi, zaidi ya sm 55. Vuta ukingo wa kulia urudi ndani. Ukigoma, kuna mstari au lebo imejificha huko. Itafute uisogeze kwanza. Kagua pia ukubwa wa karatasi uliochaguliwa: karatasi ya barua ya Marekani ni pana kuliko A4 kwa karibu mm 6, lakini fupi kwa karibu mm 18.

Kwenye skrini mambo ni tofauti. Ukipanua dirisha, visanduku hubaki vilevile na nafasi tupu huongezeka. Tangu toleo la 2007 unaweza kukitia kisanduku nanga kushoto na kulia, kikatanuka pamoja na dirisha. Nashauri mfanye hivyo kwa kisanduku cha maelezo marefu tu. Tarehe haihitaji nusu ya skrini, na herufi hazikui hata kisanduku kikitanuka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Wengi wetu tunachapisha fomu yenyewe. Amri ya kawaida ya kuchapisha hutoa rekodi zote zilizomo kwenye fomu, si ile iliyo mbele yako peke yake. Umekusudia karatasi ya mgonjwa mmoja, na siri za mamia zinamiminika kwenye trei ya printa inayotumiwa na ofisi nzima. Maelezo marefu nayo hukatwa, kwa sababu kwenye skrini unaweza kushuka chini kuyasoma, lakini karatasi haishuki.

Tengenezeni ripoti. Visanduku vyake viruhusiwe kukua kufuata maandishi, kisha wekeni kwenye fomu kitufe kinachoifungua ripoti kwa namba ya mgonjwa huyo tu. Kitufe hicho kihifadhi rekodi kwanza, kwa kuwa ripoti husoma jedwali, haisomi unachoandika muda huo. Bila hivyo mgonjwa ataondoka na karatasi yenye taarifa za zamani, nawe ukiwa na uhakika kwamba umezirekebisha.

Anayelazimika kuchapisha fomu achague rekodi iliyopo tu, na vitufe avipangie kuonekana kwenye skrini pekee, visichapwe.

Zoezi letu ni saa tano. Kila mmoja afungue fomu anayoitumia kazini, asome upana wake, ajumlishe pambizo zote mbili, kisha alinganishe na 21.