Mama Aliyempakata Mwanawe

(Hotuba fupi iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya sanamu ya Mama wa Mateso. Ijulikanayo zaidi ni Pietà, iliyomo katika kanisa la Mtakatifu Petro, Roma. Michelangelo aliichonga kwa marumaru angali kijana, akaimaliza karibu na mwaka 1499. Mwaka 1972 mtu mmoja aliipiga kwa nyundo, akamvunja Maria pua na mkono wa kushoto. Ikatengenezwa, na tangu hapo hutazamwa nyuma ya kioo.

Lakini someni Injili zote nne: hamtaona palipoandikwa kwamba Maria alimpakata mwanawe aliyeteremshwa msalabani. Yohana asema tu kwamba alisimama karibu na msalaba. Sanamu za kumpakata zilianza kuchongwa katika nchi za Wajerumani, karibu na mwaka 1300, watu wapate kusali mbele yake. Maandiko yalipanyamazia mahali hapo, waumini wakapajaza, kwa maana kila mzazi alijua lililotokea.

Lugha yetu nayo yajua. Uchungu ni wa kuzaa, na uchungu ni wa kufiwa. Neno ni lile lile. Wazee husema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwenzetu mmoja alifariki kwa malaria. Mama yake alifika kwa basi la jioni. Akaketi sakafuni, akampakata kichwa, akaimba polepole kama ambembelezaye mtoto mchanga. Mimi nilikuwa kiranja wa bweni. Nikamwendea nikasema, "Mama, tafadhali nyamaza, wanafunzi wanajisomea." Akaniangalia, akanyamaza. Sikupata kumwona tena.

Miaka mingi baadaye nilisimama mbele ya kile kioo. Mkono wa kulia wa Maria umemshika mwanawe. Ule wa kushoto, uliovunjwa ukaungwa, umefunguliwa, kiganja juu, kama mtu asemaye: tazameni. Nilimkumbuka yule mama, nikaona haya mbele za watu.

Vijana, wako viranja kati yenu. Siku mama mfiwa akiingia lango hili, msimnyamazishe. Ketini naye chini. Masomo ya jioni yatangoja.