Chama cha Mpira cha Lubumbashi

Leo twawaeleza habari za TP Mazembe, chama cha mpira cha Lubumbashi katika Kongo. Watawa wa Kibenedikto walikianzisha mwaka 1939. Zamani kiliitwa Englebert.

Mwaka 1967 kilikutana na Asante Kotoko wa Ghana kuwania kombe la mabingwa wa Afrika. Walitoka sare mara mbili. Siku ya mchezo wa tatu Kotoko hawakufika, nao Englebert wakapewa kombe. Je, huo ni ushindi kamili? Mwaka 1968 walilitwaa tena, safari hii kwa mabao. Lakini katika shindano la 1970 Kotoko walikwenda Kongo, wakawashinda 2 kwa 1.

Kombe halikurudi Lubumbashi hata 2009, kisha 2010 na 2015. Subira huvuta heri.