Adhabu kwa Shtaka Lililokataliwa



Raia aliyeshtakiwa, akahukumiwa na mahakama kuwa hana hatia, hutazamia kwamba shauri lake limekwisha. Marekani, nchi isiyochoka kuwahubiria wengine utawala wa sheria, hufundisha hivyo katika shule zake. Katika mahakama zake za shirikisho, hata hivyo, mambo yamekuwa vingine kwa miaka mingi.

Mshtakiwa akikabiliwa na mashtaka kadhaa, juri ya raia 12 yaweza kumtia hatiani kwa moja na kumwachia kwa mengine. Kazi ya juri huishia hapo. Adhabu hupangwa na jaji. Juri hutakiwa kuridhika pasipo shaka yoyote ya maana. Jaji apimaye adhabu hutosheka na mizani iliyoinama kidogo tu. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kwa kipimo hicho hafifu jaji aweza kulihesabu hata shtaka lililokataliwa na juri. Katika shauri hilo polisi walikuta kokeini jikoni na bunduki mbili katika kabati la chumbani. Mshtakiwa alitiwa hatiani kwa dawa, akaachiwa kwa shtaka la kuzitumia bunduki. Lakini wakati wa kupanga adhabu bunduki zilirudi kwa mlango wa uani.

Yaliyotukia Washington yalikuwa mazito zaidi. Watu watatu walipatikana na hatia ya kuuza vipimo vidogo vya dawa za kulevya, wakaachiwa kwa shtaka kubwa la kula njama. Jaji akaona njama ilikuwapo, akawafunga miezi 180, 194 na 225. Raia mmoja aliyekuwa katika juri hiyo alimwandikia jaji barua kulalamika. Mwaka 2014 majaji Scalia, Thomas na Ginsburg walitaka Mahakama ya Juu isikilize rufani hiyo. Zilihitajika kura nne.

Watetezi wa utaratibu huu husema kuachiwa si kuthibitishwa kuwa safi, na kwamba jaji apaswa kumjua mhalifu mzima. Hoja ya kwanza ni kweli, lakini haiwasaidii: kama shaka ya juri haimzuii mtu kufungwa, raia wale 12 waliitwa kufanya nini?

Mwaka 2019 Maseneta Durbin na Grassley, mmoja wa chama cha Democratic na mwingine wa Republican, walipeleka muswada wa kuwakataza majaji kuyatumia mashtaka ya namna hiyo, isipokuwa kwa kupunguza adhabu. Mwezi Machi 2022 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa namna hiyo kwa kura 405 dhidi ya 12. Wingi huo haukuufikisha kwenye sheria, kwani Seneti haikuupitisha.

Tume ya Adhabu ndiyo iliyochukua hatua. Mwezi Aprili 2024 wajumbe wake wote walikubaliana kuyaondoa mashtaka hayo katika hesabu ya miongozo ya adhabu, kuanzia tarehe 1 Novemba 2024. Lakini mwongozo si sheria. Kifungu kinachomruhusu jaji kuzingatia habari yoyote kuhusu mwenendo wa mfungwa hakikuguswa na Tume, kwa kuwa ni Bunge tu liwezalo kukigusa. Tena mabadiliko hayo hayakurudishwa nyuma. Waliopangiwa vifungo kabla ya Novemba ile hawakupata nafuu yoyote kwayo.