Bima ya Afya na Uzee Wetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mombasa)



Tumeombwa kusema juu ya bima ya afya ya Serikali, hasa kwa upande wa wazee. Sisi si mawakili wala madaktari. Sisi ni watu wa reli. Lakini mtu anayekatwa mshahara ana haki ya kujua fedha zake zinakwenda wapi. Kwa hiyo tumeisoma sheria, na haya ndiyo tuliyoyafahamu.

Bima hii si kitu kipya. Mwaka 1966 Bunge lilianzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, yaani NHIF. Waliolazimishwa kutoa mchango hapo mwanzo walikuwa wale wenye mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi na zaidi. Mwaka 2023 ilitungwa sheria nyingine, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi ya NHIF imeshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote twaiita SHA.

SHA ina mifuko mitatu. Mfuko wa kwanza ni wa matibabu ya msingi, katika zahanati na vituo vya afya. Huu hulipwa na Serikali, na aliyejiandikisha hatozwi kitu huko. Wa pili ndio ule tunaouchangia sisi, nao hulipia hospitali kubwa, kama vile Coast General hapa kisiwani. Wa tatu ni wa dharura na maradhi mazito, nao pia hutiwa fedha na Serikali.

Mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Mwenye shilingi 20,000 hutoa 550. Mwenye 50,000 hutoa 1,375. Katika siku za mwisho za NHIF, wa 20,000 alitoa 750 na wa 50,000 alitoa 1,200. Basi mdogo amepunguziwa na mkubwa ameongezewa, na kwa hilo hatuna ugomvi. Mwajiri hatoi mchango wake mwenyewe. Kazi yake ni kukata na kupeleka fedha, isizidi tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Sasa tufike kwa wazee, maana hapa wengi wetu tumekosea mambo mawili.

Jambo la kwanza: makato yetu humfunika mfanyakazi, mke au mume wake, na watoto wake. Hayamfuniki mama wala baba. Wako ndugu zetu wanaodhani kwamba mama aliyeko Kibokoni au Majengo amekwisha kuwa ndani ya bima kwa sababu mwanawe yu kazini. Sivyo. Mzazi lazima aandikishwe kwa kitambulisho chake mwenyewe na alipiwe mchango wake mwenyewe.

Jambo la pili: siku tunapotoka kazini, makato ya mshahara hukoma. Hata mtu aliyetoa miaka 30 bila kukosa mwezi, miaka ile haimletei bima ya uzeeni. Yeye huhesabiwa kama mtu asiye na mshahara. Huulizwa maswali juu ya hali ya nyumbani kwake, kisha hupangiwa mchango. Mchango huo haupungui shilingi 300 kwa mwezi, nao hutakiwa wa mwaka mzima, yaani shilingi 3,600 kwa uchache. Kiinua mgongo kikichelewa, mzee huyo atazitoa wapi kwa mara moja?

Na hayo maswali yatazamwe vizuri. Huuliza mambo kama nyumba ilivyojengwa na maji yapatikanavyo. Hapa Mji wa Kale yuko bibi anayekaa katika nyumba ya mawe ya ghorofa, mlango wa nakshi, lakini nyumba ni ya urithi wa watu wengi, na chakula chake hutoka kwa majirani. Nyumba si mapato. Basi mzee asiachwe ajibu peke yake. Akae naye kijana wa nyumbani, aeleze ukweli wote. Hesabu isipofanana na hali yake, aende ofisi ya SHA akaulize. Sheria yenyewe yasema kwamba wasiojiweza kabisa watalipiwa na Serikali.

Tutazame na wenzetu wa ng'ambo. Marekani ilipitisha sheria ya Medicare mwaka 1965, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa mstari wa mbele kuipigania. Mfanyakazi kule hukatwa kidogo katika miaka yake ya kazi, na mwajiri hutoa sawa naye. Akifika miaka 65, ikiwa alichangia miaka ya kutosha, bima ya kulazwa hospitali haimdai mchango wa kila mwezi. Yako matibabu mengine ambayo bado huyalipia, lakini jasho lake la ujana limehesabiwa. Jasho letu halihesabiwi.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kila mwanachama aangalie katika SHA kama makato yake yanafika, asitosheke na karatasi ya mshahara. Amwandikishe mzazi wake mwezi huu, kwa nambari *147# au katika Huduma Centre. Asingoje mpaka mzee alale kitandani. Aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu aanze kuweka shilingi 300 kila mwezi, ili siku ya kutoka mchango wa mwaka uwe tayari. Asiyeweza kulipa kwa mara moja aulize juu ya mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ulioanzishwa mwaka 2025. Haba na haba hujaza kibaba.

Na chama kina wajibu wake. Tunaomba mkutano huu uwaagize viongozi walipeleke mbele jambo moja: miaka aliyochangia mfanyakazi ihesabiwe anapostaafu. Waliotangulia walitupigania tupate mshahara wa haki na likizo. Zamu hii ni yetu, na wazee wanaotutazama kutoka viti vya mbele ndio sisi wa kesho.