Kambarage: Jina la Mvua Juu ya Uwanja wa Mpira

Viwanja vya mpira vya shule za sekondari mkoani Simiyu, kuanzia Bariadi hadi Meatu, kwa kawaida hujulikana kwa majina ya shule zenyewe, na kwa hiyo anayetafuta uwanja wenye jina la mtu katika historia ya michezo ya wanafunzi wa shule hizo hulazimika kuvuka mpaka wa mkoa hadi Shinyanga, ulipo uwanja wa Kambarage. Mpaka huo ni wa juzi tu. Simiyu ilipata hadhi ya mkoa mwaka 2012, baada ya Bariadi, Maswa na Meatu kumegwa kutoka Shinyanga na kuunganishwa na Busega, iliyotoka Mwanza. Na kwa kuwa mashindano ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari nchini, hupanda ngazi kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa, mwanafunzi wa Bariadi aliyefika ngazi ya taifa kabla ya hapo aliuwakilisha Mkoa wa Shinyanga.

Jina lenyewe linastahili kutazamwa kwa makini. Kambarage ndilo jina la utotoni la Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, ilhali Julius ni jina alilolipata kwa ubatizo mwaka 1943. Kwa mujibu wa simulizi inayojulikana sana, Kambarage ni mzimu wa mvua, naye alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa siku ya mvua kubwa. Katika nchi ya Wasukuma, ikiwamo Ntuzu, ambayo ni Bariadi ya leo, mtemi alitazamiwa kuwaletea watu wake mvua, na ukame ulihesabiwa kuwa dosari ya utawala wake. Utemi ulifutwa mwaka 1963, lakini jina la mvua likabaki juu ya uwanja. Mvua, kwa vyovyote, bado ina sauti katika michezo ya shule: kiwanja kilicho kwenye luseni, udongo wa kichanga, hunywa maji upesi, ilhali kilicho kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, hunasa viatu masika na kupasuka nyufa kiangazi, jambo ambalo ratiba za mashindano hazina budi kulizingatia.

Kuhusu umiliki, habari ni nyingine. Kambarage, sawa na Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya na Sheikh Amri Abeid wa Arusha, uko mikononi mwa Chama Cha Mapinduzi, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuungana TANU na ASP, wakati ambapo chama na serikali vilikuwa vigumu kutenganishwa na michango ya wananchi kwa viwanja hivyo haikuuliza kadi ya chama. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudishwa mwaka 1992, wapinzani wamekuwa wakidai kwamba viwanja vya aina hiyo ni mali ya umma, nacho chama kimeendelea kuvishikilia. Jina la Baba wa Taifa limeufunika ubishi huo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu uwanja unaoitwa kwa jina la mtu wa wote huonekana kuwa wa wote hata kama hati inasema vinginevyo. Inapendeza, katika hali hiyo, kwamba timu iliyoupa uwanja huo umaarufu ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, Stand United, ilichukua jina lake kutoka stendi ya mabasi.

Wapo watakaotaka viwanja vya shule za Simiyu navyo vipewe majina ya wakubwa, na huenda ombi hilo likakubaliwa kirahisi kuliko ombi la nyavu za magoli. Kwa sasa viwanja hivyo vimebaki na majina ya shule, na umiliki wake haubishaniwi kwa misingi ya vyama.