Msafiri Mwenye Mzio wa Karanga



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya chakula cha njiani kwa mtu mwenye mzio. Nitaisemea karanga peke yake, kwani ndiyo inayojificha zaidi katika vyungu vyetu. Samaki huonekana, yai aghalabu huonekana. Karanga iliyosagwa hupotea ndani ya mchicha, ndani ya kisamvu, hata ndani ya uji wa lishe wa mtoto. Wala moto wa jikoni hauiondolei madhara yake.

Tatizo huanzia kwenye jina. Atokaye Tanzania akavuka Namanga atakuta wengi wakiziita njugu. Kisha ataona katika hoteli za Kenya pameandikwa "nyama karanga", ashtuke bure, maana neno hilo hapo latokana na kukaanga. Lakini Kampala, mchuzi wa binyebwa unaomiminwa juu ya matoke ni karanga hasa. Kigali huitwa ubunyobwa. Basi kabla ya safari jifunzeni jina la kinachowadhuru kwa lugha ya kila mahali mtakapokula. Liandikeni kwenye karatasi, na karatasi hiyo imfikie mpishi mwenyewe, isiishie kwa mhudumu.

Swali nalo lina namna yake. Ukiuliza, "Kuna karanga?" mpishi hujibu juu ya chungu kimoja. Hakuulizwa mwiko, wala kinu, wala mafuta ya kukaangia. Heri kuuliza, "Leo mmepika nini chenye karanga, na mwiko wake umetumika wapi tena?" Hapo ataanza kukumbuka. Akisita, mshukuruni, mkanunue ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha ambayo mtayamenya wenyewe. Basi la mikoani husimama kwa muda mfupi, honi inalia, na mtu mwenye haraka hakubali kusubiri jibu. Mimi nakipenda zaidi chakula kilichofungwa nyumbani, hata wenzangu wakinicheka.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, muuzaji hutakiwa kutaja vichochezi 14 vya mzio hata kwa chakula kisichofungashwa. Msiutarajie utaratibu huo kila mahali.

Aliyeandikiwa na daktari sindano ya adrenalini asiiweke kwenye buti ya basi, wala juani. Ikae mkononi mwake. Midomo ikivimba, pumzi ikabana au kizunguzungu kikamshika baada ya kula, achomwe mara moja kwenye paja, upande wa nje. Alazwe, au aketi ikiwa anapumua kwa shida, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Vidonge vya kuzuia mwasho havichukui nafasi ya sindano hiyo. Apelekwe hospitali hata akipata nafuu, kwa sababu dalili zaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Na kabla basi halijaondoka, mwonyesheni kondakta na jirani wa kiti mahali sindano ilipo na jinsi inavyotumika.